Ameachishwa Mapema Mno

Kulikuwa na uvumi mmoja uliomganda Chiriku kama kupe. Alipoamka ulikuwepo. Alipopiga mswaki ulikuwepo. Hata alipokuwa akisuuza vikombe vya watoto wachanga kabla ya kwenda shule, kila kikombe alichokiinamisha kilikuwa kama kinamnong'oneza neno lile lile: mama yako hakuacha kazi, alifukuzwa.

Mtaa mzima ulikuwa ukilisema. Kilichomtesa zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliliamini.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Bibi yake alimpa tangu alipoanza kusema, kwa kuwa chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na mjukuu naye hakuufunga. Sasa alikuwa darasa la sita, na jina lilikuwa bado linamkaa barabara.

Mama yake alikuwa mkubwa katika shirika la bima. Alikuwa na meza ghorofa ya sita, watu chini yake, na kadi ya shingoni iliyofungua milango ya vioo. Alipomzaa mtoto wa pili, yule waliyemwita Bonge, likizo ya uzazi iliisha upesi kuliko alivyodhani. Akarudi ofisini, mtoto akabaki na bibi na chupa. Akirudi jioni alimkuta Bonge amelala. Akitoka asubuhi alimwacha amelala. Siku moja mtoto alilia alipobebwa na mama yake, akanyoosha mikono kumtaka bibi. Mama alimkabidhi bibi. Mwezi uliofuata alirudi nyumbani mchana, vitu vyake vya ofisini vikiwa ndani ya boksi, akaketi na binti yake.

"Nimeacha kazi, mwanangu," alisema. "Nataka kulea. Na wako akina mama wengi kama mimi wasio na pa kuwaacha watoto wao. Nitafungua chumba cha kuwalelea hapa hapa sebuleni."

Kweli alifanya. Makochi yalitolewa, magodoro madogo yakapangwa ukutani. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake chenye uzi wa rangi yake mkononi, wasije wakaambukizana mafua. Mlango wa jikoni uliwekewa kizuizi cha mbao, na sheria ilikuwa moja: cha moto hakivuki mbao hizo, hata kama ni kikombe cha chai cha bibi. Bibi alinung'unika kwamba uzeeni amegeuzwa mfungwa wa jikoni, lakini alitii.

Sasa, uvumi ulitoka wapi? Ulitoka mlangoni. Jumamosi ile ile baada ya boksi kuja, Chiriku alipita nje ya chumba cha bibi akamsikia akizungumza kwa simu na dada yake.

"Ameachishwa mapema mno, maskini," bibi alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Na kisa ni ile kazi. Lakini usimwambie mtu. Maneno ya watu unayajua."

Chiriku alisimama pale kama aliyepigiliwa misumari. Ameachishwa! Kumbe mama alikuwa akificha aibu. Ulimi ukaanza kumwasha. Hakumuuliza bibi. Hakumuuliza mama. Jumatatu, kwenye bomba la shule, alimvuta rafiki yake Miwani pembeni.

"Nikwambie kitu? Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi ni kaburi," alisema Miwani.

Lakini kaburi lile lilikuwa na mlango, na mlango wake ulifungukia saluni. Mama yake Miwani alikuwa msusi, na kwenye saluni ya msusi watu hukaa muda mrefu bila kazi ila kusema.

*

Baada ya wiki kadhaa, neno lilirudi shuleni likiwa limenenepa. Halikuwa tena "ameachishwa kazi." Lilikuwa: mama yake Chiriku alifukuzwa ofisini kwa kumpiga kofi mhudumu wa chai, na kwamba ana mkono mwepesi hata kwa watoto.

"Meneja wa Nepi hajambo?" mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliuliza kwa sauti. "Leo kapiga wangapi?"

"Mwache," mwingine alidakia, "asije akatuitia mama yake. Paa! Chai imemwagika!"

Darasa lilicheka. Mmoja akashika shavu na kujifanya mtoto mchanga anayelia, nalo likacheka tena. Chiriku alimtazama Miwani, ambaye alikuwa akikaa naye dawati moja. Miwani alivua miwani yake akaanza kuifuta kwa sketi. Aliifuta mpaka mwalimu akaingia.

Nyumbani, magodoro yalianza kubaki matupu. Mama mmoja alisema dada yake amekuja kumsaidia kulea. Mwingine alisema mtoto ana kikohozi, atamrudisha akipona, na hakumrudisha. Msusi, aliyekuwa akimwacha pale Kidume, mdogo wake Miwani, yeye hakutafuta kisingizio. Alikuja saa sita mchana, kitana kimechomekwa kwenye nywele, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Nipe mwanangu."

"Karibu, dada. Mbona mapema? Kidume ndiyo kwanza amelala," alisema mama.

"Nimesema nipe. Usingizi ataumalizia kwangu."

"Kuna kosa nimefanya?"

"Kosa unalijua wewe na hao waliokufukuza. Mtoto huyu nimempata kwa kupasuliwa. Sikupasuliwa ili aje apigwe makofi na mtu aliyeshindwa kuishi na watu wazima wenzake."

Mama alishika fremu ya mlango. "Makofi? Nani kakwambia maneno hayo?"

"Mtaa."

"Mtaa una mdomo?"

"Unayo mingi," alisema msusi, huku akimchukua Kidume kutoka mikononi mwa bibi. "Na mmoja umo humu humu ndani mwako. Kaulize vizuri."

Akaondoka. Mama akageuka. Chiriku alikuwa nyuma ya pazia, sare ya shule mwilini, kwa maana siku ile walitoka mapema.

"Chiriku. Wewe umesikia nini kuhusu mimi huko nje?"

Hapo ndipo mlango wa kweli ulipokuwa wazi. Ilikuwa ni kusema tu. Chiriku aliyatazama macho ya mama yake yaliyokuwa mekundu, akaogopa.

"Sijui, mama. Sijasikia kitu."

Mama alitikisa kichwa akaketi chini kati ya magodoro. Alibaki na watoto wawili tu, tena mmoja wao alikuwa Bonge. "Nikikosa watoto, nitachomoa viatu vya kisigino nianze kubisha hodi maofisini," alimwambia bibi. "Baba yao na lori lake hawezi kutubeba sote. Na huyu Bonge ataanza upya kunisahau."

"Naye atabaki na mimi na magoti haya," alisema bibi. "Mtoto akikimbilia barabarani, mimi nitamfuata kwa maombi."

Ulikuwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

*

Miwani hakuja shule siku tatu. Siku ya tatu mchana, Chiriku alipita kwao. Alimkuta amembeba Kidume ubavuni, nywele timutimu, macho yamemvimba.

"Mama anasema nisiende shule mpaka apate mtu wa kumlea," alisema Miwani. "Saluni kuna kemikali, hawezi kukaa naye. Kwa hiyo yaya ni mimi." Alimweka mdogo wake sakafuni. Juu ya meza birika la umeme lilikuwa limetoka kuchemka, maana alitaka kukoroga maziwa ya unga. Waya wake ulining'inia ukingoni.

"Pole," alisema Chiriku, lakini pole ile haikutoka moyoni. Alikuwa na lake. "Kwa nini uliwaambia wenzetu kwamba mama yangu anapiga watu?"

"Mimi? Si wewe uliyeniambia alifukuzwa!"

"Nilikwambia ameachishwa. Sikusema alimpiga mtu."

"Na mimi nilimwambia mama hivyo hivyo, ameachishwa. Wateja wakauliza, kwa kosa gani? Mmoja akasema, labda alipiga mtu, wakubwa wa ofisini wana hasira." Miwani aliinua mabega. "Basi. Ile 'labda' ikapotea njiani."

"Na wewe ukaiacha ipotee!"

"Na wewe ulikuwa wapi? Darasa lilipocheka ulisema si kweli? Hukusema! Kwa sababu wewe mwenyewe..."

Hakumaliza. Nyuma yao kulisikika kishindo, kisha sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia ikitoka kwa kiumbe mdogo kiasi kile. Kidume alikuwa amevuta waya.

Maji yalikuwa yamemwagika kwenye mkono wake wa kulia, kuanzia begani hadi vidoleni. Miwani alipiga kelele, akakimbilia bafuni akarudi na dawa ya meno, akaanza kuikamua juu ya ngozi. "Inapoza! Inapoza!" alikuwa akilia, na mtoto alizidi kupiga mayowe. Chiriku alitoka mbio kumwita mama yake. Hakuchukua hata mkoba.

Mama alikuja pekupeku. Hakuuliza lolote. Alimnyakua Kidume, akampeleka kwenye bomba la uani, akafungulia maji ya baridi yatiririke juu ya ule mkono, na hapo akakaa naye. Mtoto alijipindapinda kama samaki. Mama hakumwachia.

"Mama, anaumia!" Miwani alimsihi. "Mwache, anaumia!"

"Acha aumie sasa, asiumie maisha yake yote."

Maji yalipokwisha kutiririka muda mrefu, aliufunika mkono kwa kitambaa safi bila kukaza, akasimamisha gari la jirani, wakaenda hospitali, wasichana wawili wakiwa kiti cha nyuma.

*

Msusi alifika hospitali na glavu moja ya rangi ya nywele bado mkononi. Kwenye korido alimwona mama yake Chiriku, nguo zimelowa, na kutoka nyuma ya mlango akasikia mwanawe akilia.

"Umemfanya nini mwanangu?" alisema. "Nilimtoa kwako, ukamfuata mpaka nyumbani?"

Akamzaba kofi. Sauti yake iliruka ukutani, watu wote wa foleni wakageuka. Mama alishika shavu. Hakurudisha kofi. Alisema tu, "Ingia ndani, dada. Mtoto anakutaka."

Mlango ulifunguka, muuguzi akatoka. "Nani alimweka huyu mtoto chini ya bomba?"

"Huyu!" msusi alinyoosha kidole.

"Basi mshukuru. Yale maji yameokoa vidole." Muuguzi aliwatazama wote mmoja mmoja. "Na nani aliyempaka dawa ya meno?"

Miwani aliinua mkono polepole, kama darasani.

"Tumelazimika kuiondoa juu ya kidonda kibichi," muuguzi alisema bila kupunguza makali. "Kile kilio mlichokisikia sasa hivi, ndicho hicho."

Miwani aliangua kilio. Msusi alimgeukia. "Nilikwambia umwangalie! Ulikuwa unafanya nini?"

"Tulikuwa tunabishana," Miwani alisema kati ya kwikwi. "Mimi na Chiriku. Kuhusu mama yake kufukuzwa. Ni yeye aliyeniambia, mama. Ni Chiriku mwenyewe."

Mama alishusha mkono kutoka shavuni. Alama za vidole zilionekana.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Nilimsikia bibi kwenye simu," alisema Chiriku, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Alisema umeachishwa."

Nyumbani bibi alikuwa amempakata Bonge. Mama alimwambia Chiriku arudie maneno aliyoyasikia, neno kwa neno, na Chiriku akayarudia: ameachishwa mapema mno, maskini, na kisa ni ile kazi.

Bibi alimkodolea macho. Kisha akamwinua Bonge na kumwonyesha kama mtu anayeonyesha bidhaa sokoni.

"Huyu! Huyu ndiye aliyeachishwa! Ameachishwa ziwa, ewe mtoto! Mama yako alirudi kazini, maziwa yakakauka, mtoto akaachishwa kunyonya kabla ya wakati wake. Hilo ndilo nililomwambia dada yangu, nikamwambia asiseme, wasije watu wakamsimanga mama yako kwamba alimnyima mwanawe ziwa. Kazi gani? Nani kamwachisha mtu kazi?"

Chiriku alitamani sakafu immeze. Neno lilikuwa lile lile moja. Halikusema ni nani, wala halikusema ni nini. Yeye ndiye aliyelijaza.

Mama aliketi juu ya godoro la Kidume. "Nilikuketisha hapa nikakwambia nimeacha kazi. Ulinisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaamini nini?"

"Nilidhani... nilidhani unaficha aibu."

"Kwa hiyo ulikuwa na neno langu, nililokwambia macho kwa macho, na neno la kuokota mlangoni. Ukachagua la mlangoni." Mama hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Na nilipokuuliza umesikia nini?"

"Nilisema sijui, mama."

"Kalale. Kesho tutakwenda saluni."

*

Saluni ilikuwa imejaa, kama ilivyo kila Jumamosi. Wengine walikuwa wamesukwa nusu kichwa, wengine chini ya mashine ya kukaushia nywele. Msusi alikuwa akisuka bila kusema, uso umemvimba kwa kukesha wodini. Mama alimsimamisha Chiriku katikati, chini ya taa, akarudi nyuma hatua moja.

"Sema."

Chiriku alisema. Alisema alichosikia, alichodhani, aliyemwambia, na alivyomdanganya mama yake alipoulizwa. Mara mbili sauti ilimkatika, na mara mbili hakuna aliyemsaidia. Alipofika kwenye "ameachishwa ziwa," mwanamke mmoja alicheka kicheko kikavu.

"Haya basi. Sisi tumewafungia watoto wetu ndani kwa sababu ya kitoto kisichojua Kiswahili."

"Kisijue vipi, na ndiyo lugha iliyokilea?" mwingine alisema. "Kimejua nusu. Nusu ndiyo mbaya."

"Na ile habari ya kofi?" aliuliza wa tatu, aliyekuwa chini ya mashine. "Mhudumu wa chai?"

Hapo Chiriku alimtazama Miwani, na Miwani akawatazama wanawake. "Hiyo ilizaliwa hapa," alisema Miwani. "Kwenye kiti hicho hicho."

Hakuna aliyecheka tena. Aliyekuwa chini ya mashine aliona afadhali afumbe macho. Msusi aliweka kitana chini.

"Mimi ndiye niliyempiga mtu," alisema. "Nilimpiga aliyemwokoa mwanangu, mbele ya watu. Dada, sina la kukwambia."

"Lipo," alisema mama. "Akitoka wodini, niletee. Mwache Miwani arudi shule."

Msusi alimleta, bandeji imefika begani. Wanawake wawili waliokuwa saluni siku ile walirudisha watoto wao wiki hiyo hiyo, na wengine wakafuata mmoja mmoja, huku wakitazama chini mlangoni. Yule aliyesema "labda" hakurudi kabisa. Alipita mbali na nyumba, maana mtu humchukia zaidi yule ambaye yeye mwenyewe amemkosea. Lakini sebule ilijaa tena, na viatu vya kisigino vilibaki kabatini.

Bandeji ilipotolewa, ngozi ya Kidume ilikuwa imejikunja kwenye kiwiko. Muuguzi aliwafundisha mazoezi ya kuunyoosha, asubuhi na jioni, na kazi hiyo mama alimpa Chiriku. Kila alipouvuta mkono ule, mtoto alilia, kisha akajifunza kumkimbia Chiriku mara tu alipomwona akitoka shule. Watoto wengine wote walimkimbilia. Kidume alijificha nyuma ya bibi.

"Mama," Chiriku alisema jioni moja, "hutanisamehe?"

Mama alikuwa akikunja nepi. Aliikunja ile aliyokuwa nayo mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Tangu siku ile ya saluni. Lakini msamaha wangu ni kwa yale uliyonifanyia mimi. Mkono mwingine wa kumpa Kidume sina, wala wewe huna. Mimi niliacha cheo, niliacha gari la ofisi, nikajua watu watanicheka, na nikaweza. Kitu ambacho bila hicho nisingeweza kuendesha chumba hiki ni kuaminiwa. Mama anayeniachia mwanawe ananiachia roho yake. Wewe uliichukua imani hiyo ukaichezea kwenye bomba la shule, kwa neno ambalo ungemuuliza bibi angekujibu akiwa bado na simu mkononi. Kuuliza kungekuaibisha kidogo. Kutouliza kumemchoma mtoto wa watu. Sasa nenda ukamnyooshe mkono, muda umefika."

Chiriku alinawa mikono, akaenda. Kidume alianza kulia kabla hajaguswa.

Basi, mtoto unayesoma, jiepushe na haya:

Usisimame mlangoni kusikiliza simu ya mtu mwingine.

Usilijaze neno ulilolisikia nusu. Muulize aliyelisema.

Usimwambie mtu jambo ukaongeza "usimwambie mtu." Ukishalisema wewe, limeshasemwa.

Usiiondoe "labda" kwenye habari ya mwenzako.

Usimcheke mama wa mtu kwa kazi anayoifanya.

Usiache birika, chungu au chupa ya chai mahali ambapo mtoto anaweza kuvuta waya au kitambaa cha meza.

Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga juu ya mahali palipoungua. Maji safi ya baridi yatiririke hapo kwa muda wa dakika ishirini, kisha hospitali.

Usipigane kwa maneno huku umeachiwa mtoto.

Ukiulizwa, usiseme "sijui" na hali unajua.

Usingoje mtu aungue ndipo useme kweli.